Saa za kusubiri Bwera: punje za dhahabu kati ya homa na jibu

Jumapili ya tarehe 9 Juni 2019 familia moja ilivuka mpaka kutoka Congo ikaingia Uganda upande wa Bwera. Walikuwa wanatoka msibani. Babu alikuwa amefariki na kuzikwa ng'ambo, na ugonjwa uliomwondoa ndio ule uliokuwa ukimaliza watu wa Mabalako, Beni na Butembo tangu Agosti ya mwaka uliotangulia. Mtoto wao wa kiume wa miaka 5 alikuwa anatapika damu. Wakamfikisha Hospitali ya Kagando, na wahudumu wa pale hawakusema ni malaria kisha wakampa vidonge arudi nyumbani. Walishuku Ebola. Mtoto akahamishiwa kwenye kituo maalumu cha kutengea wagonjwa katika Hospitali ya Bwera, na damu yake ikasafirishwa hadi Taasisi ya Utafiti wa Virusi kule Entebbe, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Tarehe 11 jibu likarudi kwamba ni Ebola kweli. Usiku huo huo mtoto akafariki. Bibi yake wa miaka 50 na mdogo wake wa miaka 3 nao wakathibitishwa kuwa na virusi hivyo, na wote wawili hawakupona.

Uganda ilistahili sifa kwa siku zile. Kabla mgonjwa wa kwanza hajavuka, wahudumu wa afya karibu 4,700 walikuwa wameshachanjwa, wengi wao katika wilaya za mpakani, na virusi havikupata mtu wa kumwambukiza ndani ya nchi. Kutoka tuhuma hadi jibu ndani ya siku mbili, kwa umbali ule na barabara zile, ni kazi ya watu waliojiandaa. Hata hivyo mimi kila nikiisoma habari hii macho yangu hukwama palepale, kwenye saa zile ambazo damu iko njiani, mtoto yuko kitandani, na hakuna mtu Bwera anayeweza kusema kwa hakika anaumwa nini. Wanasayansi wanaounda chembe ndogo zenye akili, kwa ajili ya dawa na vipimo, wana mengi ya kujivunia. Ningependa tuwapime kwa saa zile.

Tuanze na chembe ambayo Kasese, wilaya ilimo Bwera, tayari inaijua bila kuijua. Mama amempeleka mwanawe kwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule wanayemwita VHT, kwa kuwa mtoto ana homa tangu jana. Mhudumu anavaa glavu, anapasua pakiti, anatoa kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole. Anaandika jina na tarehe. Anafuta kidole cha mtoto kwa spiriti, anachoma, anachukua tone moja la damu na kulitia kwenye tundu dogo, kisha anadondosha yale maji ya kwenye chupa yake na kutazama saa. Ndani ya kidirisha, karatasi inaanza kulowa kutoka chini kwenda juu, na mbele ya ule unyevu kuna wekundu hafifu unaopanda. Wengi hudhani ni damu inayopanda. Kumbe ni dhahabu.

Ni dhahabu ile ile ya sonara, ila imekatwa hadi punje zenye upana wa nanomita 20 hadi 40 hivi. Nanomita moja ni milimita moja uliyoigawa mara milioni. Punje za nanomita 40 ungezipanga 2,000 bega kwa bega ndipo zifikie upana wa unywele mmoja. Ikiwa ndogo kiasi hicho, dhahabu huacha kuwa ya manjano. Mwanga unapoipiga, elektroni za kila punje huyumba pamoja kama maji ndani ya beseni, na kule kuyumba hunyonya rangi ya kijani, kinachobaki kikafika machoni kwetu kikiwa chekundu. Michael Faraday aliueleza wekundu huo London mwaka 1857, na chupa za maji yake ya dhahabu zimehifadhiwa mpaka leo katika taasisi aliyofanyia kazi. Upishi unaofuatwa zaidi maabarani ni wa mwaka 1951, wa John Turkevich na wenzake huko Marekani. Unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, rangi yake manjano ya kufifia. Unatia sitreti, chumvi itokanayo na asidi ya ndimu. Manjano inapotea, maji yanakuwa kama ya majivu, yanatia giza, halafu ghafla yanageuka mekundu kama juisi ya choya. Hakuna aliyeongeza rangi yoyote, ni punje tu zimezaliwa.

Kisha punje hizo huvalishwa kingamwili, zile protini za mwili zinazomtambua adui mmoja na kumng'ang'ania. Katika kipimo cha malaria, kingamwili hutafuta protini iitwayo HRP2 inayomwagwa kwenye damu na vimelea vya falsiparamu. Punje zikikutana nayo hubeba mzigo, hupanda na karatasi, na kwenye mstari wa T zinakuta kingamwili nyingine zilizobandikwa pale zikisubiri mzigo ule ule. Zinanaswa kwa maelfu kwa maelfu hadi jicho linaona mstari. Zisipobeba kitu zinapita, zinakwenda kunaswa kwenye mstari wa C, kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe hakijaharibika. Hakuna umeme wala friji hapo, na aina nyingi za vipimo hivi zinavumilia kukaa kwenye joto la nyuzi 30, nyingine hata 40.

Watu wa Kasese hawana haja ya kushawishiwa kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kufanya kazi nzito. Mji wao ulikuzwa na shaba ya Kilembe na reli iliyoifuata mwaka 1956. Migodi ilipofungwa, yakabaki marundo ya mabaki ya mawe, na tangu 1999 kobalti ikavunwa kwenye marundo hayo kwa kutumia bakteria wanaokula madini ya pairaiti. Bakteria wale walifanya kazi ambayo tanuru halikuifanya.

Kuna kitu kingine cha wilaya hii kinachoeleza sayansi yenyewe kuliko kitabu chochote nilichosoma, nacho ni chumvi ya Ziwa Katwe. Punje za dhahabu hubaki zimetawanyika majini kwa sababu kila moja ina chaji hasi na husukumana na mwenzake. Ukidondosha maji ya chumvi ndani ya chupa ile nyekundu, chumvi huzima ule msukumano, punje zinaparamiana na kushikamana, na mbele ya macho yako wekundu unageuka zambarau, kisha buluu ya kijivu. Ni kufumba na kufumbua. Sasa damu ya binadamu nayo ina chumvi. Punje tupu ukizitia kwenye damu zitashikana hovyo na kusema uongo. Ndiyo maana kazi kubwa ya mbunifu ni kuzivalisha vizuri, zisibabaishwe na chumvi wala na protini nyingine nyingi za mwilini, zigeuke pale tu zinapomkuta yule zinayemtafuta. Mwaka 1996 Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliunganisha punje za dhahabu na vipande vya DNA, zikawa zinashikana na kubadilika rangi zikikutana na DNA inayolingana nazo tu. Ile ajali ya chumvi ikageuzwa kuwa ishara.

Hiyo ndiyo maana ya akili katika fani hii. Chembe haifikiri. Imepangwa isubiri jambo moja, na jambo hilo likitokea ibadilike, iwe kwa kuonyesha rangi, kwa kufunguka au kwa kuachia mzigo. Jambo lenyewe linaweza kuwa asidi, joto, mwanga, sumaku au kimeng'enya fulani.

Upande wa dawa, mfano uliofika mikononi mwa watu wengi zaidi ni vifuko vya mafuta vya chanjo za mRNA za Covid-19. Kifuko kimoja kina upana wa nanomita 100 hivi. Lipidi zake zimechaguliwa kwa makini, kwa sababu kwenye damu hazina chaji, kwa hiyo zinapita bila kuleta vurugu. Seli inapokimeza, kifuko kinajikuta ndani ya chumba chenye asidi, na asidi ile inazipa lipidi chaji chanya. Hapo zinashikana na ukuta wa chumba, zinaupasua, na ujumbe wa mRNA unamwagika ndani ya seli. Mbinu hiyo ilikuwa imepata kibali mwaka 2018 kupitia dawa ya Onpattro, inayotibu ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, kabla dunia nzima haijaihitaji. Lakini chanjo ya Pfizer ilikuja ikidai baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Chembe inayotambua asidi ya chumba kimoja cha seli, na bado haiwezi kustahimili mchana mmoja wa jua la Kasese, kwangu mimi ni kazi iliyofika nusu.

Karibu zaidi na sisi kuna habari ambayo haikupigiwa ngoma ilivyostahili. Homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi ya kriptokokasi huua watu wenye VVU katika ukanda wetu, na dawa yake ya miaka mingi, amfoterisini, huumiza figo na kupunguza damu. Ukiifunga dawa hiyo ndani ya vifuko vidogo vya mafuta, liposomu, mwili unaivumilia kiasi cha kuweza kupewa dozi kubwa mara moja badala ya kuning'inizwa dripu siku baada ya siku. Jaribio la AMBITION liliwapima wagonjwa 844 katika nchi 5, na nchini Uganda lilifanyika Kampala na Mbarara. Matokeo yake yalitoka 2022. Waliopata dozi moja ya liposomu pamoja na vidonge, asilimia 24.8 walifariki ndani ya wiki 10. Waliotibiwa kwa utaratibu wa zamani, asilimia 28.7. Madhara ya dawa nayo yalipungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza matibabu hayo. Liposomu hii haina akili yoyote ya ajabu, ni gari zuri tu. Lakini mgonjwa aliyelala wodini Mbarara hakuhitaji zaidi ya hapo.

Nalisema hili kwa kuwa chembe zenye akili kubwa zimewahi kushindwa vibaya. ThermoDox ilikuwa liposomu iliyoundwa ifunguke ikipashwa joto la kiasi cha nyuzi 40 na kumwaga dawa ndani ya saratani ya ini. Maabarani ilifanya kazi kwa uzuri wa kupendeza, na Januari 2013 ikatangazwa kwamba kwa wagonjwa haikutimiza lengo. Mwaka 2016 timu ya Warren Chan wa Toronto ilipitia tafiti za miaka kumi na kukuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zinazochomwa mwilini ndizo zinazofika kwenye uvimbe. Nyingi zilizobaki hukamatwa na ini na wengu. Ebola nayo ilijaribiwa kwa njia hii. Mwaka 2015, Sierra Leone, wagonjwa walipewa vifuko vya lipidi vyenye vipande vya RNA vya kunyamazisha jeni za virusi. Katikati ya mwaka jaribio likasimamishwa bila dalili ya kuongeza waliopona. Wagonjwa wale walikuwa wamezidiwa, damu yao imejaa virusi.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye zile saa za Bwera. Ng'ambo ya mpaka, katika miji ambayo wafanyabiashara wa Mpondwe, kivuko cha mpakani karibu na Bwera, huijua vizuri, Beni na Butembo ikiwamo, jaribio liitwalo PALM lilianza Novemba 2018 kupima dawa nne za Ebola. Agosti 2019 likasitishwa mapema kwa sababu mbili kati yake, mAb114 na REGN-EB3, zilikuwa zinaokoa watu zaidi ya nyingine. Zote mbili ni kingamwili, na ya kwanza asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Katika takwimu za PALM kuna namba mbili ambazo ningependa zibandikwe ukutani katika kila maabara inayotengeneza vipimo. Waliofika kutibiwa ndani ya siku moja tangu dalili kuanza, asilimia 19 walifariki. Waliofika baada ya siku tano, asilimia 47. Kila siku moja ya kuchelewa iliongeza uwezekano wa kufa kwa kiasi cha asilimia 11. Dawa ni zile zile, kilichotofautiana ni siku.

Kipimo cha ukanda kwa ajili ya Ebola kipo. Oktoba 2019, miezi minne baada ya msiba wa Bwera, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kuuzwa kipimo cha OraQuick, kinachotoa jibu katika nusu saa kwa tone la damu ya kidole, na kwa mate ya aliyekwishafariki. Tatizo ni kwamba mstari wa dhahabu hauonekani mpaka punje nyingi zinaswe, na punje hazinaswi mpaka virusi viwe vingi. Siku ya kwanza au ya pili ya homa, siku ambazo namba za PALM zinatulilia tuziwahi, virusi bado ni vichache na ukanda unakaa kimya. Jibu lake ni la awali tu, damu bado lazima iende maabara.

Kwa hiyo kazi ya wabunifu sasa ni kuufanya ukanda ule ule wa karatasi uone hata virusi vichache. Njia inayonivutia ni ya University College London, UCL, iliyochapishwa mwaka 2020. Badala ya dhahabu walitumia punje za almasi zenye dosari ndani yake, nafasi tupu kando ya atomu ya naitrojeni. Almasi hiyo ikimulikwa kwa mwanga wa kijani hung'aa nyekundu. Kung'aa peke yake hakutoshi, maana hata karatasi yenyewe ikimulikwa hung'aa kidogo na kuficha ishara. Wakatumia mawimbi ya maikrowevu kuufanya mwanga wa almasi upepese kwa mwendo maalumu, kama mtu anayekuashiria kwa tochi katikati ya taa za mji. Karatasi haiwezi kupepesa hivyo, kwa hiyo kinachopepesa ndicho kweli. Waliripoti uwezo wa kuona mara 100,000 zaidi ya dhahabu. Kinachohitajika ni kisomeo, na kisomeo kinataka umeme, matengenezo na fundi, vitu ambavyo kituo cha afya cha mlimani hukosa. Bado naona huko ndiko njia inakoelekea.

Uganda haikuwa mtazamaji katika safari hii. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College ya London na washirika wao nchini walichapisha kipimo cha ukanda kinachosomwa kwa kamera ya simu, kilichojaribiwa kwa damu ya watu 90 waliopona Ebola ya Sudan na wengine 31 ambao hawakuwahi kuugua. Kilitafuta kingamwili zinazobaki baada ya ugonjwa, kwa hiyo si cha mtoto mwenye homa leo. Lakini walitengeneza pia toleo lenye uwezo wa kutofautisha virusi vitatu: Zaire, Sudan na Bundibugyo. Hicho cha tatu kimebeba jina la wilaya ya upande wa pili wa Rwenzori, kilikogunduliwa mwaka 2007. Kwa mtu wa Bwera tofauti hiyo si ya kitabuni. Chanjo iliyotumika 2019 inazuia Zaire tu. Mwaka 2022 kirusi cha Sudan kilipoibuka Mubende, hakukuwa na chanjo iliyoidhinishwa, na watu 55 waliothibitishwa kuugua walifariki. Ukanda unaosema "Ebola" bila kusema ipi unampa daktari nusu ya anachohitaji. Simu ile pia ilihifadhi mahali alipopimiwa kila mtu. Hapo natia neno la tahadhari: katika kijiji ambako aliyepona bado huogopwa kisimani, ramani ya waliopona ni kitu cha kufungiwa kwa kufuli.

Na kuna hesabu ambayo kipimo chochote cha mpakani lazima kiishinde. Chukua watu 1,000 wenye homa Mpondwe, wote wana malaria au mafua, hakuna hata mmoja mwenye Ebola. Kipimo kinachokosea mara mbili tu katika mia kitawapeleka watu 20 kwenye kitengo cha kutengwa bure. Ni mama mwenye mzigo wa nyanya, ni dereva, ni mwanafunzi. Wiki ijayo watu watazunguka kwa njia za panya kumkwepa mpimaji. Kwa hiyo chembe tunayoitaka iwe na macho makali na pia iwe na staha ya kutopiga kelele bila sababu, na ingefaa iseme mambo mawili kwa mpigo, mstari mmoja wa malaria na mwingine wa Ebola, maana jibu la "ni malaria" huwatuliza watu kuliko jibu la "si Ebola". Hata hapo mbunifu hatalala usingizi. Huko Eritrea vimelea vya malaria visivyotengeneza HRP2 vilienea hadi vipimo vikawa vinasema hakuna malaria kwa watoto wanaoungua homa, na nchi ikalazimika kubadilisha kipimo mwaka 2016. Adui naye hubadilika.

Tarehe 28 Agosti 2019 msichana wa miaka 9 alifika Mpondwe na mama yake wakitokea Congo kutafuta matibabu. Alitambuliwa pale pale kwenye ukaguzi wa mpakani, akatengwa, akapelekwa Bwera. Kesho yake jibu likathibitisha Ebola, na keshokutwa akafariki. Hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda kutokana naye, kwa hiyo ukaguzi ule uliwalinda wote waliokuwa foleni nyuma yake, na wilaya nzima. Yeye mwenyewe haukumfaa. Kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso kinajua joto tu.

Bwera haijapumzika tangu hapo. Mwaka 2024 wagonjwa wa kwanza wa mpox nchini Uganda katika mlipuko ule walitoka huku huku, Bwera na Mpondwe-Lhubiriha, na sampuli zao pia zilisafiri hadi Entebbe. Pale mezani mpakani, kati ya kipimajoto na ndoo ya maji ya klorini, nafasi ya kuweka kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole ipo.